Kutoka Kisauni hadi Jengo la Tatu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, hapa Unguja mtu hakuwa akienda uwanja wa ndege peke yake. Akisafiri mmoja kwenda Muscat au Dubai, ukoo mzima ulijipakia kwenye gari la bodi la mbao pale Darajani, tukapita Mnazi Mmoja na Migombani hadi Kisauni, ulipo uwanja. Mama zetu na mabuibui yao, msafiri na kapu la visheti, achari na halua. Watoto tulikwenda kuona ndege tu.

Uwanja wenyewe ulikuwa nyumba ndogo ya chini. Ndege ikitua, tuliokuwa nje tuliweza kumtambua mtu wetu kwa mwendo wake akitembea juu ya lami. Bidhaa zilikuwa adimu madukani, foleni za sabuni na mchele zilikuwa jambo la kila siku, kwa hiyo mgeni kutoka Ghuba alipokewa kwa mahaba, na sanduku lake nalo halikusahauliwa. Wengi wa jamaa hao walikuwa wameondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, wengine walivuka kwenda Oman ilipofungua milango baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Kisauni ndipo ukoo uliotawanyika ulipokutana tena.

Mambo yalianza kugeuka wakati wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na 1985. Biashara ikalegezwa, bidhaa zikajaa Darajani, na sanduku la mgeni likapungua uzito machoni petu. Baadaye utalii ukafunguliwa. Miaka ya 1990 zikaingia ndege za kukodi kutoka Italia. Watalii wakishuka tu, mabasi yanawapeleka moja kwa moja Kiwengwa, Mji Mkongwe watauona siku nyingine. Vijana wa mtaani kwetu wakajifunza Kitaliano kabla ya Kiingereza. Kisauni ikawa mahali pa kutafuta riziki: udereva wa teksi, upagazi, kuongoza wageni.

Mwaka 2010 uwanja ulipewa jina la Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume. Wakati huohuo njia ya kurukia ilirefushwa kwa fedha za Benki ya Dunia, ikapita mita 3,000, ndege kubwa zikaweza kutua bila wasiwasi. Mwaka uliofuata ukaanza ujenzi wa jengo jipya la abiria, ambalo sasa huitwa Jengo la Tatu, kwa mkopo wa China. Lilisuasua kwa miaka, watu wakalizoea kama gofu, hadi lilipoanza kupokea wasafiri mwaka 2021. Limejengwa kuhudumia abiria milioni moja na nusu kwa mwaka. Lina baridi ya mashine, sakafu inang'aa, na bango la ndege zinazotoka Doha, Istanbul na Addis Ababa.

Sina husuda nalo. Lile jengo la zamani lilikuwa limeelemewa, na mgonjwa anayepelekwa India kwa matibabu anastahili pa kukaa kwa heshima. Wapwa zangu wamepata ajira hapo, na daladala ya 505 bado inakwenda huko. Lakini wengi wetu Dar es Salaam tunakwenda kwa boti, na uwanjani tunafika kwa kazi au kwa kusindikiza. Anayesindikiza sasa huagana na mtu wake mlangoni, kisha hubaki nje akingoja simu ya kuambiwa kwamba amekwishapita ukaguzi.

Usalama una masharti yake, hilo tunalielewa. Ila Mzanzibari hasafiri peke yake. Husafiri na dua za waliomsindikiza, hasa akienda Hija. Wanaopanga upanuzi unaofuata tunawaomba jambo moja lisilo na gharama kubwa: wajenge baraza pana yenye kivuli na mahali pa kukaa, kwa ajili ya wale wasio na tiketi.