Sisi Tulio Watu wa Usiku

Katika miji ya Busia na Tororo wamo watu ambao usingizi hauwajii mpaka usiku umekuwa mkubwa. Nasi tu miongoni mwao. Majirani hutuita wavivu kwa kuwa asubuhi twaamka kwa taabu. Shutuma hiyo yafaa ipimwe, maana mwalimu asiyeshiba usingizi hufundisha nusu ya somo, na hasara huipata darasa.

Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauwongo. Majani yake yaliendelea kufunguka mchana na kufumba usiku, ijapokuwa mmea haukuliona jua. Ulikuwa na saa yake ndani. Binadamu naye anayo. Na mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza, kwa kuchunguza nzi wadogo wa matunda, jinsi saa hiyo inavyoendeshwa. Saa za wengine huchelewa kwa kurithi, na za vijana huchelewa kwa umri. Basi kukawia kulala si uvivu. Wala si tabia isiyoweza kurekebishwa.

Nuru ya asubuhi huiwahisha saa ya mwili. Nuru ya usiku huichelewesha. Kenya na Uganda hushika majira mamoja, lakini jua huifikia Busia dakika zipatazo 20 baada ya Mombasa. Hapa huchomoza karibu saa 1 kasorobo, wanafunzi wengi wakiwa wamekwisha kushika njia. Usiku nao haukosi taa: malori yapo mpakani, na waendesha boda boda, ambao jina lao lilizaliwa katika mpaka huu huu, wangali wakingoja abiria. Nasi twaongeza mwanga wa simu kitandani.

Dawa yake ni ya subira. Tuamke saa ile ile kila siku, hata Jumapili; tutoke nje mara jua lichomozapo; tuache chai ya rangi na kahawa tangu alasiri, kwani nusu ya kafeini yaweza kusalia mwilini baada ya muda wa saa tano; kisha tusogeze wakati wa kulala kwa robo saa, siku chache kwa siku chache.

Kwetu kuna sababu kubwa zaidi. Tororo imeumia sana kwa malaria, na mbu waienezao huuma hasa usiku. Akaaye barazani mpaka usiku wa manane amejinyima kinga ya chandarua. Ikiwa hatuna budi kukesha, na tukeshe ndani yake.

Na yule kijana asinziaye katika kipindi cha kwanza, tumwulize alilala saa ngapi kabla hatujamwita mvivu.