Gasketi Nyembamba na Njia ya Mlima

Vijana wetu wengi wa Ntoto waliokwisha toka shuleni hutafuta riziki kwa pikipiki. Hubeba watu na mizigo, mara wakipanda kuelekea milima ya Masisi, mara wakishuka katika misitu ya Walikale. Mlimani pikipiki huchoka, na mafundi wengine huwapa dawa hii: kutoa gasketi ya kichwa cha silinda, ambayo kwetu Kongo huitwa jointi ya kulasi, na kuweka nyembamba zaidi. Wanafunzi wametuuliza kama dawa hiyo ni ya kweli. Yafaa tujibu mbele ya wazazi pia, maana mara nyingi pikipiki imenunuliwa kwa jasho la nyumba nzima.

Maneno ya mafundi hao si uongo. Gasketi hukaa kati ya silinda na kichwa chake, ikiziba moto usitoroke. Ikiwa nyembamba, kichwa hushuka kidogo, na mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa katika nafasi ndogo zaidi kabla ya kuwashwa. Ukibanwa zaidi, hutoa nguvu zaidi. Lakini ni nguvu kiasi gani?

Tulipiga hesabu ubaoni pamoja na wanafunzi. Tulitwaa injini ya sentimita za ujazo 125, yenye silinda ya upana wa milimita 54, inayobana mara 9. Pistoni ikifika juu, hubaki nafasi ya sentimita za ujazo 15.6. Tukipunguza gasketi kwa nusu milimita, nafasi hubaki 14.5, na injini hubana mara 9.6. Kwa kanuni za elimu ya joto, faida yake haifiki 2 kwa 100. Wanafunzi walinyamaza, walitazamia kubwa kuliko hiyo.

Tena, tusisahau sababu ya pikipiki kuchoka. Kwenye mita 2,000 uzito wa hewa ni karibu 80 kwa 100 ya ule wa pwani. Silinda yapata hewa kidogo, na gasketi haiwezi kurudisha hewa isiyokuwapo.

Hatari yenyewe imejificha mteremkoni. Juu mlimani, kwa kuwa hewa ni nyepesi, injini iliyobanwa zaidi hulia vizuri, na kijana humsifu fundi wake. Akishuka mpaka mita 700, uzito wa hewa hupita 90 kwa 100. Silinda hujaa, joto hupanda, na petroli hafifu inayouzwa kwa chupa kando ya njia hulipuka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Hapo husikika mlio kama wa misumari ndani ya kopo. Asiyeusikiliza atatoboa pistoni, au kuvunja ringi, au kuunguza gasketi ile ile. Zaidi ya hayo, nusu milimita iliyoondolewa huenda ndiyo iliyokuwa ikizuia vali na pistoni zisigongane. Kwenye injini nyingi za mazuti jambo hili ni kali zaidi: gasketi huchaguliwa kwa kupima jinsi pistoni inavyochomoza juu ya silinda, wala si kwa kukisia.

Basi kijana afanye nini? Kwanza asafishe chujio la hewa, apime nafasi za vali, na kabureta irekebishwe, maana kwenye hewa nyepesi petroli huzidi na kupotea bure. Kisha atazame mnyororo. Gurudumu dogo la meno la mbele likiwa na meno 14, aweke la meno 13: nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu la nyuma huongezeka kwa zaidi ya 7 kwa 100, na injini haikufunguliwa. Mwendo wa kasi utapungua kidogo. Lakini katika njia zetu za matope, nani aliyekuwa akiutumia?

Wazazi, fundi akitaka kufungua kichwa cha injini, mwulizeni anaongeza kiasi gani, na pikipiki itashukia wapi. Fundi mwema hatachukia kuulizwa. Nanyi vijana, kumbukeni kwamba anayepanda mlima na mzigo hafupishi pumzi yake, hufupisha hatua. Pole pole ndiyo mwendo.