Juu ya Bunduki za Kale

Wako watu huko Ulaya na Marekani ambao, wamalizapo kazi yao ya kila siku, hushika kazi ya pili isiyo ya lazima: kukusanya bunduki kuukuu za vita, kuziondoa kutu, na kuzirudisha katika hali yake. Pengine msomaji atauliza, Je, watu hawa wana haja gani na chombo cha kuulia kilichokwisha pitwa na wakati? Swali hilo tulikuwa nalo hata sisi, mpaka tulipokwenda Ujerumani kwa masomo, tukapanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja, fundi wa kazi hiyo. Jioni nyingi tulimshikia taa. Twaona yafaa tuwaeleze ndugu zetu tuliyoyaona, maana bunduki iliyokuwa juu ya meza yake ilikuwa ya namna ile ile waliyochukua askari wa Wadachi katika nchi yetu.

Bunduki hiyo huitwa ya mwaka 1871. Waliibuni ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, wa mji wa Oberndorf. Hufungwa nyuma kwa komeo, kama mlango ufungwavyo, na hutiwa risasi moja moja. Risasi yenyewe ina unene wa milimita 11 na uzito wa gramu 25 hivi, na baruti yake ni nyeusi, yenye moshi mwingi. Jeshi la Ujerumani lilipopata bunduki mpya ya mwaka 1888, yenye baruti isiyo na moshi mwingi, nyingi za zamani zilipelekwa Afrika. Zilitumiwa katika Vita vya Maji Maji, 1905 hata 1907. Na vita vikuu vilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari zilikuwa zingali nazo. Askari apigapo, wingu jeupe hupanda juu yake, na adui hujua mara moja mahali alipo. Ndiyo sababu walifurahi sana walipowashinda Waingereza huko Tanga, Novemba 1914, wakateka mamia ya bunduki za kisasa.

Sasa tueleze kazi ya fundi. Kwanza hutazama kama bunduki ina risasi ndani, hata kama alikwisha itazama jana. Kisha huifungua kipande kwa kipande, na kuvipanga juu ya kitambaa kwa taratibu, kwa kuwa karibu kila kipande kimepigwa namba, na namba zikipatana ajua ya kuwa vilizaliwa pamoja. Chuma chenye kutu hukipaka mafuta, akakiacha siku kadha wa kadha. Halafu hukikwangua polepole kwa sarafu ya shaba, maana shaba ni laini kuliko chuma cha pua, huondoa kutu wala haikwaruzi. Mti wa kitako huupangusa uchafu, akausugua kwa kiganja na mafuta ya kitani. Lakini msasa na tupa havimo mezani pake.

Basi, kitakoni mwa bunduki ile palikuwa na mikato saba iliyokatwa kwa kisu, na pembeni mti umepondeka. Akaja mnunuzi, akasema, “Uing'arishe mti huu uwe kama mpya, nami nitakupa mara mbili ya bei.” Kijana wa mzee akamsihi babaye akubali, kwa kuwa baridi ilikuwa karibu na nyumba ilihitaji paa. Mzee akatugeukia, akasema, “Mwalimu, wewe wasemaje? Yawezekana hii ilifika kwenu.”

Neno hilo lilitugusa sana. Baba wa babu yetu alishikwa upagazi katika vita vile, wala hakurudi. Kaburi lake halijulikani, na jina lake halikuandikwa mahali po pote. Fikira yetu ya kwanza ilikuwa bunduki ile ifuliwe jembe, watoto wasiione tena. Wala hapakuwa na alama ya kuthibitisha kwamba ilivuka bahari. Lakini tukatazama ile mikato, tukamjibu, “Mzee, usiipige msasa. Iking'aa itakuwa pambo la ukutani, na atakayeiona atasema, Ni nzuri. Ikibaki hivi atauliza, Ni nani aliyekata haya, na kwa nini?” Mzee akanyamaza kidogo, kisha akamrudishia mnunuzi fedha zake za arbuni. Kijana alikasirika, nasi hatumlaumu; mwaka ule paa lilifunikwa kwa turubai.

Twasema haya kwa sababu hata vijijini mwetu viko vitu vya kale, na habari za wazee, ambazo twapenda kuzing'arisha mbele ya wageni. Yatupasa kuondoa kutu ilayo kitu, lakini makovu tuyaache. Wala mtu asidhani twamhimiza kuweka silaha nyumbani. Akutaye bunduki au risasi za zamani shambani asiziguse, bali awaite polisi, kwa maana baruti iliyozikwa miaka 100 yaweza kuwaka bado.