Diski Inapokataa Kukaguliwa

Windows 98 ilikuwa na tabia ya kulaumu. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ilifungua skrini ya bluu na kukueleza kwamba haikuzimwa ipasavyo, kwamba huenda diski ina makosa, na kwamba kama hutaki kuuona ujumbe huu tena uwe unazima kwa utaratibu. Kwenye steshenari niliyoanzia kazi, Magomeni, wateja waliosoma maneno yale walikasirika kweli kweli. "Sasa hapa nimezima mimi, au umeme umekatika?" Nani angewajibu? Mstari wa njano ulikuwa unatambaa taratibu kuelekea kulia, na foleni nzima ya watu wa kuchapa barua inautazama.

Programu ile iliitwa ScanDisk. Ilianza na MS-DOS 6.2 mwaka 1993, ila sisi wengi tuliizoea kwenye Windows 98, ambako ilijiendesha yenyewe kila mashine ilipozimika ghafla. Kazi ilikuwepo kwelikweli. Diski za wakati ule ziliandikwa kwa mfumo wa FAT, wenye jedwali linaloonyesha kipande kipi cha diski ni cha faili gani. Umeme ukikatika maandishi yameshaingia lakini jedwali halijasahihishwa, vinabaki vipande visivyo na mwenyewe. ScanDisk ilivikusanya na kuvipa majina ya namba: FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, na kuendelea. Watu wengi walivifuta kwa kudhani ni takataka. Mimi nilikuwa navifungua kwa Notepad, na katikati ya alama zisizosomeka nikakuta nusu ya barua ya kuomba kazi, au orodha ya michango ya harusi iliyoishia kwenye jina la mjomba fulani aliyeahidi mbuzi. Mara moja moja tuliweza kumrudishia mtu kurasa zake kwa njia hiyo.

Naikumbuka ScanDisk kwa heshima, maana ilifanya kazi hadharani. Ukikubali ikague uso wote wa diski, ilichora ramani ya visanduku, na penye ubovu ikaweka herufi B. Mteja asiyejua lolote kuhusu kompyuta aliziona B zikiongezeka na akaelewa mwenyewe kwamba ni wakati wa kutafuta diski nyingine. Hukuwa na haja ya kumshawishi.

Windows XP ilipoenea mitaani, pamoja nayo ukaja mfumo wa NTFS, ambao huandika kwanza kwenye daftari lake mabadiliko unayotaka kuyafanya kabla ya kuyafanya. Umeme ukikatika, mashine hulisoma daftari hilo na mara nyingi hujipanga yenyewe. Ukaguzi ukawa wa nadra. Ulipohitajika, ilikuja CHKDSK, au kwa usahihi zaidi ndugu yake autochk, anayeitwa mapema kabisa wakati Windows yenyewe bado haijaamka vizuri. Sababu ya kuwahi hivyo ni rahisi: huwezi kufagia chumba chenye wageni wamekalia mikeka. Ilitoa sekunde 10 za kubonyeza kitufe chochote ili kuuahirisha ukaguzi, na Watanzania wenye haraka tulibonyeza. Kesho yake sekunde 10 nyingine, na kesho kutwa. Alama ya uchafu, inayoiambia Windows kwamba diski inahitaji kukaguliwa, ikishawekwa, Windows haikupi amri ya kuifuta. Ukaguzi wenyewe ndio unaoiondoa, ukimalizika salama.

Hapo ndipo mafundi wa mtaani walipobuni ujanja wao. Mteja analalamika kila asubuhi kompyuta inakagua, fundi anaandika chkntfs /x c: kwenye dirisha jeusi, ukaguzi unanyamaza, anapokea hela yake. Diski iko vilevile. Nilipokea mashine nyingi za namna hiyo, na hatua yangu ya kwanza ilikuwa kuandika chkntfs /d ili mambo yarudi yalivyokuwa, kisha nione ukaguzi unashindwa wapi. Pale unaposhindwa ndipo penye habari yote.

Mwaka 2006, wa ukame na mgao wa umeme, kazi ya kukagua diski ilikuwa haiishi. UPS nyingi mjini zilikuwa na betri zilizokufa. Zilikaa chini ya meza zikitoa mlio na kuzima pamoja na kompyuta. Mama mmoja mwenye intaneti kafe aliniita: "Mwanangu, hii nimeiagiza ikague diski, nikiizima na kuiwasha haikagui. Inanidharau." Mashine zake zote zilikuwa na ile programu ya kugandisha diski, ambayo kila ukiwasha upya inarudisha kila kitu kilivyokuwa, ili wateja wasijaze virusi. Lakini agizo la kukagua nalo ni maandishi tu: mstari ndani ya rejista, mahali paitwapo BootExecute, unaosema autocheck autochk *, na unapopanga ukaguzi wa diski fulani, maelekezo huongezwa hapohapo. Programu ya kugandisha ilikuwa inalifuta agizo kabla halijasomwa. Tuligandua, tukawasha upya, tukaagiza, tukawasha tena. Ukaguzi ukaanza kwa utulivu, hatua ya kwanza kati ya tatu. Mama akavuta kiti akakaa kuutazama kama taarifa ya habari.

Aina nyingine ya tatizo ilikuja na kompyuta za mtumba za Kariakoo. Zilinakiliwa Windows kutoka diski moja kwenda nyingine kwa mkupuo, na zikiwashwa zilisema autochk haikupatikana, ukaguzi umerukwa. Kisha skrini ya bluu, kisha zinajizima na kujiwasha bila mwisho. Ukifungua diski hiyo kwenye mashine nyingine, autochk.exe utaikuta imekaa ndani ya System32 na haina tatizo. Kilichoharibika ni utambulisho wa patisheni: chombo cha kunakili kimeiacha na namba 17, ya NTFS iliyofichwa, badala ya 07. Unabadilisha namba hiyo moja, mashine inaamka. Vijana wengi walikuwa wanapiga Windows upya kwa kosa la tarakimu moja. Siwalaumu sana. Kabla ya mkongo wa intaneti wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, kutafuta maana ya ujumbe mmoja kwenye intaneti kungeweza kukugharimu nauli ya siku.

Windows 7 ilitoka mwaka huohuo, na ndiyo iliyoleta kesi ninayoipenda kuliko zote. Mwalimu mkuu wa sekondari moja alikuja na kompyuta ya shule, ndani yake matokeo ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, yakisubiriwa na wazazi. Kila ikiwashwa, ukaguzi ulianza na kukata papo hapo: haiwezi kuifungua diski moja kwa moja. Maana yake kuna programu iliyowahi kuishika diski kabla ya autochk. Mara nyingi ni kinga ya virusi au programu ya bakapu. Dawa yake ni kuwashia mashine kwenye DVD ya Windows, kusudi hata mmoja wa wakazi wa diski asiamke.

"Shikamoo mwalimu. Nani ameishughulikia kabla yangu?"

"Marahaba. Kuna kijana amekagua C yote kwa kutumia hiyo hiyo DVD. Anasema nzima."

Alikuwa amesema kweli. Ila ukiwashia kwenye DVD herufi huhama. Windows 7 hutenga kipande cha megabaiti 100 mwanzoni mwa diski kwa ajili ya kuamshia mashine, na mara nyingi hicho ndicho kinachopewa jina la C pale. Yule kijana alikikagua kikopo kitupu. Matokeo ya wanafunzi yalikuwa D.

Sikuikagua hiyo D. Kwanza niliandika notepad kwenye dirisha la amri, nikafungua menyu ya File kisha Open, nikachagua faili za aina zote. Kisanduku kile cha kufungulia faili kinakubali kunakili na kubandika, kwa hiyo folda nzima ya mitihani ilihamia kwenye flashi ya mwalimu huku yeye akihesabu mikondo kwa vidole. Baada ya hapo ndipo chkdsk d: /r. Watu huiamini /r kama dawa, lakini inasoma diski nzima hadi sehemu zilizo wazi, na diski iliyoanza kufa inaweza kumalizikia humo humo.

Mwaka 2012 Windows 8 ilibadilisha mambo kuliko nilivyotegemea. Zamani muda wa ukaguzi ulitegemea wingi wa mafaili. Sasa Windows inatafuta makosa ikiwa kazini, inayaorodhesha, na mashine ikiwashwa inarekebisha yaliyoorodheshwa tu, kwa sekunde chache. Zaidi ya hapo, laptopu ina betri, umeme ukikatika haina habari. Diski za SSD nazo hazigongi wala hazikwaruzi, zinakufa kimya. Kwa kazi zetu ni nafuu kubwa. Lakini mteja wa leo anaona asilimia tu, imeganda kwenye kumi, na hawezi kukuambia lolote kuhusu diski yake ambalo yule wa visanduku vya B alilijua.

Na kushindwa kwenyewe kumebadilika. Juzi juzi alikuja dada mwenye laptopu mpya iliyogoma kuwaka. Niliingia upande wa matengenezo nikitaka kukagua diski, ikaomba ufunguo wa tarakimu 48, kwa sababu diski za siku hizi mara nyingi zinafungwa kwa siri tangu zinapoanza kutumika, na ufunguo unahifadhiwa kwenye akaunti ya mwenye mashine.

"Akaunti gani, kaka? Mimi sijawahi kufungua akaunti."

Alipiga simu alikonunulia. Wakamwambia waliifungua wao, kwa barua pepe ya kijana wa mauzo ambaye ameshaacha kazi, na kama ana haraka wanaweza kumtumia namba yake.

"Nitumieni," alisema, akavuta kiti.