Nyumba ya kwanza ya Le Corbusier

Tukisikia jina Le Corbusier, tunawaza nyumba nyeupe, paa imelala kama meza. Kumbe nyumba yake ya kwanza haiko vile hata kidogo.

Iko La Chaux-de-Fonds, muji wa mafundi wa saa kule Uswisi. Ilijengwa 1906-1907, ya bwana Louis Fallet. Wakati ule yeye aliitwa bado Charles-Édouard Jeanneret, mwanafunzi tu, hajatimiza miaka 20. Mwalimu wake L'Eplattenier njo alimutafutia ile kazi, na René Chapallaz, muchoraji wa nyumba mwenye kuzoea, akamusaidia. Wanafunzi wenzake walipamba ukuta: walikwangua chokaa, wakatoa misunobari ya milima yao, pembetatu juu ya pembetatu. Paa inateremuka sana. Feza ya kazi ile ilimupeleka Italia mwaka 1907.

Halafu, alipokuwa mutu mukubwa, vitabu vya kazi zake zote vikaanzia mwaka 1910. Nyumba ya Fallet hamna! Sisi tunaona si haki. Yeye alikuwa na nyumba zingine za kuonyesha. Lakini wale wenzake wa ukutani, je?