Kifimbo cha Mpingo

Katika riwaya za J. K. Rowling, kila kifimbo cha kichawi kina mti wake, na mti hukipa tabia. Miti mingi humo ni ya Ulaya. Nimejiuliza mpingo wetu, mti wa taifa la Tanzania, ungetoa kifimbo cha namna gani.

Kwanza neno lenyewe. Fimbo huchapa, bakora humsindikiza mzee, ufito hujengea. Nachagua kifimbo, maana Watanzania wa rika langu hawalisikii neno hilo wasimwone Mwalimu Nyerere. Na minong'ono juu ya nguvu za kifimbo chake tuliijua zamani, kabla Rowling hajashika kalamu.

Vifimbo vya riwaya hizo hutiwa kitu moyoni: unyoya wa finiksi, unywele wa farasi mwenye pembe moja, mshipa wa moyo wa joka. Mpingo hauhitaji kutiwa kitu. Moyo wake mweusi ndio kiini, na kiini ndicho mali yote. Mchongaji wa Kimakonde akishaondoa kwa tezo mbao ya nje, ya manjano hafifu, hubakiwa na kitu kizamacho majini na kinachokula meno ya msumeno. Mti wenyewe hauna haraka. Huhitaji miaka 70 na zaidi kabla ya kufaa kuvunwa, tena huota umejipinda, una miiba, na mara nyingi shina lililonona kwa nje hukutwa limeoza ndani.

Kifimbo chake basi kingekuwa kizito mkononi na kigumu kufundishika. Mwenye papara angekipunga asubuhi, nacho kikajibu jioni, tena kwa jambo ambalo hakuliomba. Nimefundisha vijana wa tabia hiyo sekondari: kimya hadi kidato cha tatu, halafu siku moja huandika insha inayomfanya mwalimu aweke kalamu chini.

Ila methali inatuwekea kikwazo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, twasema. Na kifimbo cha Kizungu kazi yake yote ni ya mbali, cheche zikiruka kutoka upande huu wa ukumbi hadi ule. Hapa nadhani mpingo ungesimama na methali. Kifimbo chake kisingefanya lolote pasipo kugusa: bega la mgonjwa, komeo la mlango, midomo.

Naam, midomo. Klarineti na oboe bora za Ulaya huchongwa kwa mpingo, na mwingi wa mpingo huo hutoka Tanzania na Msumbiji. Pumzi ya binadamu hupita ndani ya kiini kile ikatoka muziki. Huo ni uchawi usiohitaji riwaya. Mwaka 2009 misitu ya baadhi ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji unaojali kesho, na hilo ni jema. Hata hivyo, mtoto wa vijiji hivyo anaweza kuupita mpingo kila aendapo shule, akauona ukikatwa na kupakiwa lorini, akazeeka asiwahi kusikia sauti yake.

Ndiyo maana kifimbo ninachokiwaza kina matundu sita, na hakipungwi, hupulizwa. Na kama vifimbo huchagua wenyewe, hiki kingeanza na mtoto huyo.