SHOSHO NA SAMAKI WA GURA

Ilikuwa jioni ya Alhamisi, baridi ya Nyeri ikiuma hadi mifupani. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa nyumbani Majengo na shosho, sisi wawili tu. Mama alikuwa zamu ya usiku. Kabla ya kutoka aliniambia, "Hakikisha amekula. Dawa hizo hazinywewi na tumbo tupu."

Rahisi kusema! Wasomaji wapenzi, shosho alikuwa na siku mbili hajatia kitu mdomoni ila chai. Daktari alikuwa amemkataza nyama nyekundu, akamwambia ale samaki. Samaki! Mwanamke wa Othaya aliyepita miaka 80 bila kumwonja. Wakikuyu wa zamani hawakula samaki. Hata neno lenyewe, thamaki, linanukia Kiswahili.

Nilikimbia kwa mama jirani, ambaye asili yao ni pwani na kwao samaki ni kama githeri kwetu. Bahati nzuri alikuwa na trauti wawili kutoka Kiganjo. Samaki huyu ni ndugu wa samoni, na si mwenyeji wa huku: aliletwa kutoka Uskoti mwaka wa 1905 akatiwa katika mto Gura.

"Mpikie na tambi, mwanangu," alisema. "Ni nusu saa tu. Ila toa miiba yote na kichwa. Asimwone akimtazama."

Yeye hupika tambi kwa tui. Mimi nazi sikuwa nayo, lakini maziwa Nyeri hayakosekani, na mama alikuwa ameweka kikombe kizima cha malai. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, ingawa sisi upwa hatuna.

Nilijifunga kibwebwe. Maji yenye chumvi juu ya meko, yakachemka, nikatia tambi. Kwenye kikaango nikakaanga trauti, ngozi ikiwa chini, dakika nne hivi, nikamgeuza kidogo, nikamtoa na kumchambua kwa vidole. Nilitafuta miiba kama anayetafuta sindano. Kisha kitunguu, kitunguu saumu, nikamimina nusu ya malai, na kwa haraka zangu nikakamua ndimu papo hapo, moto ukiwaka kwelikweli. Lo! Ikakatika vipande vipande kama maziwa yaliyochacha. Nikaimwaga, karibu nilie.

Adhana ya Isha ilikuwa imeshalia na shosho alianza kusinzia. Nikaanza upya. Safari hii moto mdogo, malai iliyobaki, upawa mmoja wa maji ya tambi ili mchuzi uwe mzito bila kukatika, halafu tambi na samaki. Ndimu na dania nilitia baada ya kuepua.

Nilimpelekea sahani nikanyamaza. Akanusa. "Hii ni nini?"

Kumdanganya nilishindwa. "Ni samaki, shosho. Wa Gura."

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba alipokuwa msichana walikwenda kuteka maji Gura wakawaona Wazungu wamesimama mtoni na fimbo ndefu, na watoto wakisogea walifukuzwa. "Tulisema wale watu wanavua nyoka," alisema. "Lakini mbona walitufukuza, kama ni nyoka?"

Akachukua kipande kwa vidole, kidogo kama punje ya mahindi. Akatafuna. Mimi hata pumzi sikuvuta. Akachukua kingine, na kingine, mpaka samaki akaisha na mchuzi akaulamba kwa kijiko. Dawa alimeza zote tatu.

Nilipokwenda kuondoa sahani nilikuta tambi zote zimesukumwa pembeni, hakuna hata moja iliyoguswa.

"Shosho, hukuzipenda?"

Akazitazama kwa jicho la pembeni. "Kesho niletee yule samaki na viazi," alisema. "Nyoka zako kula mwenyewe."